Toyota Aqua: kwa foleni ya Likoni hongera, kwa mbio za Mtito pole

Abiria wageni tukikwama kwenye foleni ya feri ya Likoni, hapa Mombasa, huniuliza mbona gari limezimika. Halijazimika. Aqua ni haibridi, gari la injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Injini ndiyo imenyamaza, na AC inaendelea kupuliza kwa kuwa kompresa yake inazungushwa na umeme wa betri kubwa. Mara mojamoja injini inawaka kidogo kuijaza betri, kisha kimya tena. Magari jirani yote yanachoma mafuta hapo yakingoja kivuko.

Yangu ni ya kizazi cha kwanza, ile iliyoingia sokoni Japani mwisho wa 2011. Chini ya boneti mna 1NZ-FXE ya cc 1496, ndugu wa damu wa injini ya Probox, ila huyu ni bahili. Vali ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, hewa kiasi inarudi nje kabla ya kubanwa, halafu mlipuko unaisukuma pistoni safari ndefu kuliko ile ya kubana. Joto ambalo lingepotelea ekzosi linafanya kazi. Hasara yake ni nguvu: farasi 74, na ya Probox inapita 100. Pengo hilo linazibwa na mota ya umeme. Wapo wanaosema bora wangeiwekea injini ya cc 1000 kama ya Vitz ndogo. Mimi sikubali. Gari lina kilo 1080 tupu. Weka watu wanne na mizigo, panda kilima cha Mazeras, uone kijinjini kitakavyolia na kunywa. Mkanda wa feni hamna, pampu ya maji nayo ni ya umeme. Fundi wangu aliutafuta huo mkanda mpaka akacheka.

Sasa umbo. Paa linateremka kuelekea nyuma, kisha mkia unakatwa ghafla kwa kingo kali, upepo uachane na gari bila kulivuta. Kipimo cha ukinzani wa hewa, ambacho kikiwa kidogo ndivyo bora, ni 0.28. Honda Insight ya 1999 ilifika 0.25 kwa mwili wa alumini na magurudumu ya nyuma yaliyofunikwa. Volkswagen XL1, yenye dizeli ya silinda mbili, ikashuka hadi 0.189. Mashine za ajabu, lakini zote mbili zina viti viwili tu. Nikibeba abiria mmoja mmoja watoto watakula nini? Bei ya paa hilo la Aqua anailipa mtu mrefu akikaa nyuma.

Mjini napata kilomita 20 na ushei kwa lita, nami nimeridhika. Ile 35.4 ya matangazo ni ya vipimo vya Japani, msiinunulie gari. Njia ya Nairobi, inayopita Mtito Andei, ndiyo inayowaumiza wenye haraka: kutoka 80 hadi 110 kwa saa, nguvu ya upepo unaokuzuia inakaribia maradufu, na ukienda mbio bila kupunguza, breki, ambazo hugeuza mwendo wa gari kuwa umeme, hazina cha kurudisha kwenye betri. Ukifunga na keria juu ya paa, basi tena.

Ukienda kuikagua yadi, inama pembeni mwa kiti cha nyuma utazame tundu la kupoza betri. Likiwa limejaa vumbi na nywele, shusha bei au ondoka. Na matuta ya mtaani upite mshazari. Kutoka tumbo la gari hadi barabarani ni milimita 140 tu.