Kanizimia maiki kwa swali la Petrarca

Sina kawaida ya kuandika maoni, lakini hili la juzijuzi limenikaa kooni. Nililipia darasa la mtandaoni la ushairi wa Kilatini wa Italia, jinsi kina Petrarca, mshairi wa Italia wa karne ya 14, walivyolelewa na vitabu vya waandishi wa Roma ya kale: Virgil, Horace na Cicero. Bei na cheti mtaviona kwenye tangazo lao.

Kipindi cha tatu hivi, mwalimu anasifia namna Petrarca alivyowaiga wakale. Nikanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, kuiga kunaishia wapi na kuiba kunaanzia wapi?" Akacheka. "Hilo swali la watoto wa shule ya msingi." Mara alama ya maiki yangu ikawa nyekundu. Kanizima! Darasa zima linanitazama, mdomo unacheza bila sauti kama samaki.

Nikatoka. Kwa hasira nikafungua makala walizotupa wao wenyewe, na humo imo barua ya Petrarca kwa rafiki yake, mwandishi Boccaccio, ya mwaka 1366. Jamani! Swali langu lote limo. Anasema mshairi amfanane aliyemtangulia kama mtoto anavyomfanana baba: ukimwona unamkumbuka mzee, lakini huwezi kuweka kidole ukasema ni pua au ni jicho. Anasimulia pia kwamba kijana aliyekuwa akimnakilia kazi zake, anayeishi naye nyumbani, alikuwa akichomeka vipande vya Virgil kwenye tungo zake. Petrarca akamkanya. Kijana akatabasamu: mbona nawe umefanya hivyo? Akamtajia mshororo wa Bucolicum carmen, mashairi ya Petrarca mwenyewe, unaoishia "atque intonat ore". Maneno matatu, yalivyo, kutoka kitabu cha sita cha Aeneid, utenzi wa Virgil. Mzee akapigwa na butwaa. Shairi limeshasambaa, halirudi. Ikabidi amwombe radhi Virgil, marehemu wa zaidi ya karne kumi na tatu!

Huyo ni mtu aliyevishwa taji la ushairi Roma mwaka 1341, anasahihishwa na karani wake na bado anakwenda kumsimulia rafiki. Huyu mwalimu wangu, kuulizwa tu, kanizimia maiki.

Nilipanga nyota moja. Ila aliyechagua ile barua anajua kazi, na nikikumbuka huenda ni mwalimu huyohuyo, nachanganyikiwa. Haya, tatu. Hapana, mbili. Kipindi kijacho ni nyimbo za Kilatini ambazo mshairi Pontano wa Napoli alimbembelezea mwanawe, na hizo sizikosi. Nimedai nusu ya pesa, kimya. Swali langu nitaliandika kwenye chati, tuone atazima nini.