Spika za nyuma zisizo na waya: miezi minane sebuleni kwangu Tabata

Muuzaji wa Kariakoo aliniambia, "Dada yangu, hizi hazina waya hata mmoja, wewe unaweka tu." Nimefika nyumbani, nafungua boksi, cha kwanza kutoka ni waya. Na wa pili. Kila spika ya nyuma ina waya wake wa umeme na plagi ya miguu mitatu. Kinachosafiri hewani ni sauti peke yake, kutoka kwenye saundiba (ile spika ndefu ya mbele, chini ya TV) mpaka nyuma ya kochi. Umeme spika lazima ichukue ukutani. Na nyuma ya kochi langu kuna soketi moja, ambayo ni ya feni. Joto la Februari la Dar mnalijua, feni hiyo haichomolewi.

Sikuzinunua kwa kufuata fasheni. Hom thieta yangu ya zamani ilikuwa na spika za waya na sauti yake niliipenda. Tatizo ni mlango wa korido, uko nyuma upande wa kulia. Kuzungusha waya ukutani, juu ya fremu ya mlango, nilipima kwa futi kamba nikapata mita 11. Nikaona nyingi, nikaupitisha chini ya zulia. Mama alipokuja kutoka Tanga, usiku anaelekea msalani, akajikwaa pale pale. Aliwahi kushika ukuta, Mungu saidia. Asubuhi yake niliung'oa wote. Kuchimba ukuta siwezi, nyumba ni ya kupanga.

Wiki ya kwanza spika mpya zilikaa kimya kabisa. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye TV: saundiba imeungwa kwa HDMI ARC, tundu la TV linalotoa sauti, na mipangilio ya sauti ya TV ilikuwa imewekwa PCM, kwa hiyo ilikuwa inatoa sauti ya kulia na kushoto tu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, badilisha iwe Bitstream, ndipo ile sauti ya 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi, inapopita. Hata hivyo kipindi chenyewe lazima kiwe kimerekodiwa hivyo. King'amuzi kikileta sauti ya stereo, ya kulia na kushoto tu, kwangu nyuma sisikii cha maana. Usiku ule tuliweka filamu yenye mvua. Ilipoanza kunyesha, mwanangu wa darasa la pili aligeuka akatazama dirishani. Nilifurahi mno.

Kasheshe ilikuwa saa mbili usiku, watu wakisharudi kutoka kazini. Spika ya kushoto ikawa inakatika: sauti inapotea nusu sekunde, inarudi, inapotea tena. Seti yangu inatumia masafa ya gigahezi 2.4, na humo humo wamo rauta za majirani, Bluetooth na hata maikrowevu. Rauta yangu nilikuwa nimeibana nyuma ya TV, karibu kabisa na saundiba. Nikaisogeza mita 2, simu na TV nikazihamishia kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5. Kukatika kumepungua sana, ila hakujaisha. Mara moja moja bado nasikia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza spika zinatumia masafa gani.

Kitu kinachonichosha zaidi ni umeme. Spika za waya zinapata nguvu kutoka kwenye amplifaya, umeme ukirudi zote zinaamka pamoja. Hizi zangu, umeme ukikatika na kurudi haraka, mara nyingine moja inabaki inawakawaka taa nyekundu, inatafuta mwenzake. Ninainama nyuma ya kochi, nabonyeza kitufe mpaka zikubaliane. Na stebilaiza yangu iko mbele kwenye TV, nyuma hakukuwa na kinga yoyote. Nimelazimika kununua ekstensheni yenye kinga, ambayo sasa inabeba feni na spika ya kushoto. Ya kulia inachukua umeme korido, waya umepita juu ya fremu. Ndiyo, bado nina waya juu ya mlango, lakini hakuna wa kujikwaa.

Zipo za betri. Sony SA-RS5, kwa mfano, inakaa na chaji hadi saa 10, wakati mdogo wake SA-RS3S anataka soketi muda wote. Ila usinunue kwa kuvutiwa na spika peke yake: zile za Sony haziungani na saundiba ya LG, na hata ndani ya kampuni moja si kila modeli inakubali. Na Bluetooth ya kawaida usiitegemee kwa spika za nyuma, inachelewesha sauti.

Kwa mpangaji kama mimi, mwenye mlango nyuma na asiyeruhusiwa kuchimba, ningezinunua tena, ila ningehesabu soketi kwanza. Kama nyumba ni yako, au nyuma ya kochi ni ukuta mtupu, nunua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 na ufurahie. Kwangua ncha yake kwa wembe palepale dukani. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyofunikwa kwa shaba nyembamba juu.

Kaka yangu anajenga Chanika, bado hajapiga lipu. Nimemwomba fundi asifunike ukuta wa sebule mpaka bomba mbili za waya za spika zipite. Jumamosi naenda na futi kamba, tupange kochi litakaa wapi.