Duka la paneer la Kisutu: kwa sisi tusiokula nyama lakini tunaokunywa maziwa

Mimi ni Msabato, nyama niliiacha siku nyingi, lakini maziwa sijaachana nayo na sina mpango huo. Mtindi, samli, chizi, vyote napakua. Watu wakisikia hivyo huniambia, "Basi wewe huna shida, maziwa si nyama." Kweli, si nyama. Kesi iko kwenye kile kinachotiwa ndani ya maziwa mpaka yakageuka kitu kingine, na ndiyo maana napanda daladala hadi mjini kununua kwenye kaduka ka Wahindi mitaa ya Kisutu, hapa Dar, karibu na mahekalu. Bango lake limefifia, jina halisomeki. Ukifika uliza duka la paneer, ile chizi ya Kihindi, utaonyeshwa.

Nianze na chizi, maana ndiyo yenye maneno. Chizi nyingi, hasa zile ngumu, hugandishwa kwa renneti, yaani kimeng'enya cha kugandishia maziwa. Renneti ya asili hutolewa kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya, na ndama huyo anakuwa ameshachinjwa. Parmigiano Reggiano ya Italia, ile ya kunyunyizia tambi, kwa kanuni zake yenyewe lazima itumie renneti ya ndama. Kwa hiyo mgahawa unaokuletea "tambi za mboga" zimefunikwa na chizi hiyo umekulisha ndama bila taarifa. Lakini si chizi zote ziko hivyo. Ipo renneti inayotokana na kuvu, na ipo inayotengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa jeni ya ndama. Hii ya pili Marekani waliiruhusu mwaka 1990, na sasa ndiyo inayogandisha sehemu kubwa ya chizi za viwandani kule. Wareno nao wana chizi wanazogandisha kwa maua ya mmea wa miiba.

Sasa, ukiuliza jambo hili supamaketi, jibu ni lile lile: "Dada, hiyo ni maziwa tu." Hapa Kisutu nilimwuliza mama wa kaunta, "Mama, chizi hii imegandishwa na nini?" Hakunijibu. Aliingia ndani, akatoka na boksi lenyewe, akaweka kidole juu ya doti ya kijani iliyo ndani ya mraba wa kijani. Alama hiyo India ni ya lazima kisheria kwa vyakula vya wasiokula nyama. Chini yake, kwa maandishi ya kukunjia uso, imeandikwa kwamba renneti ni ya vijidudu. Ndipo akasema, "Dada, sisi wenyewe hatuli hiyo ya mnyama, tutakuuzia wewe?"

Paneer wanatengeneza wenyewe nyuma ya duka. Maziwa yakichemka yanatiwa ndimu, yanakatika, yanachujwa kwa kitambaa cheupe kisha yanakandamizwa chini ya jiwe. Renneti haimo kabisa. Ukiikata haibomoki, ukiikaanga kwa samli haiyeyuki. Nje inashika rangi, ndani inabaki laini na ina ladha ya maziwa yasiyochakachuliwa. Nusu kilo ni Sh 11,000. Si bei ya kila siku kwa mtu wa mshahara wangu, lakini nimeshakula ya bei nafuu zaidi kwingine na ilikuwa inatafunika kama ndala.

Mtindi wao ni maziwa na kimea chake cha kugandishia, basi. Nalisema hili kwa sababu mtindi wa vikombe, hasa ule wa matunda, mara nyingine huongezwa gelatini ili uwe mzito, na gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya mnyama. Jirani yangu Mwislamu huuliza kama ni ya nguruwe au ya ng'ombe. Mimi hata ya ng'ombe siitaki. Tazama kama imeandikwa "gelatine". Ule wa rangi ya waridi tazama pia E120, rangi inayotolewa kwa wadudu waliosagwa. Nikisimama kwenye friji kusoma vikombe, mume wangu huenda kunisubiri nje.

Na unga wa wei, ambao uko kwenye biskuti na krispi nyingi? Wei ni yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda, kwa hiyo yanaweza kuwa yamepita kwenye renneti ya ndama, na kwenye pakiti hutaona limeandikwa. Kanisani kwetu wapo wasiogusa. Mimi biskuti nakula. Siwezi kuhoji kila kiwanda juu ya punje ya unga, na hapo nimeweka mpaka wangu.

Usikose shrikhand. Ni mtindi unaoninginizwa kwenye kitambaa mpaka maji yaishe, kisha unapigwa na sukari, iliki na zafarani. Yao si tamu ya kuumiza meno, na nyuzi za zafarani unaziona kwa macho.

Lawama ninayo moja kubwa. Chizi ya kupimwa wanaikata, wanaifunga kwa nailoni, na ushahidi wote unabaki kwenye boksi ambalo kesho limetupwa. Asiyejua kuuliza anaondoka hajui kanunua nini. Kibandiko cha karatasi kinagharimu nini? Halafu friji iko mlangoni, na kwa joto la Januari mtindi wa jioni huwa umeshachachuka. Nunua asubuhi.

Paneer hutoka kama saa nne. Ijumaa ni siku yetu ya maandalio, kwa hiyo mimi huagiza kwa simu Alhamisi na kulipa kwa M-Pesa. Ukienda bila kuagiza, ikifika adhuhuri utakuta vipande vya pembeni tu. Wanaviuza nusu bei, na kwenye mchicha wa nazi havina tofauti.