Nairobi hadi New York bila kutua njiani: uzoefu wangu na mama

Ukiwa unamsafirisha mzazi mzee kutoka Nairobi kwenda New York, mkatie tiketi ya ndege isiyotua njiani, hata kama bei imezidi kidogo. Nimesafiri hivyo na mama yangu kwa Kenya Airways, kwenye ile njia iliyozinduliwa Oktoba 2018, na sitamzungusha tena.

Kutoka JKIA, uwanja wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni takriban kilomita 11,800. Kupitia Amsterdam ni kama 12,500. Nyongeza hiyo ya kilomita 700 ndege huimaliza kwa chini ya saa moja, ndiyo maana wengi huona hakuna tofauti. Kupitia Doha ni 14,100 hivi. Muda wenyewe huliwa chini, uwanjani: kushuka, kukaguliwa upya, kutafuta geti, kungoja. Safari ya kuunganisha hufika saa 20 na zaidi kwa urahisi. Mama magoti yanamsumbua na Kiingereza chake ni cha salamu tu, kwa hiyo kila kituo cha njiani kwake ni mzigo.

Tuliondoka usiku mwingi. JKIA iko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hupaa vizuri zaidi kukiwa na baridi.

Saa 15 kitini ni nyingi, nisikudanganye. Ila Dreamliner, yaani Boeing 787 tuliyopanda, ina nafuu ya kweli: hewa ya ndani hukaa kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800, wakati ndege nyingi za zamani hufika kama 2,400, na koo halikauki sana. Mama ni mtu wa Limuru, ambako ni juu kuliko mita hizo 1,800. Hewa ya ndani ya ndege ilikuwa nzito kuliko ya nyumbani kwake! Alilala, akaamka, akaomba chai. Nilimchukulia kiti cha kando ya njia na tulikuwa tunainuka kunyoosha miguu kila baada ya muda. Kiti cha magurudumu kiombe mapema, siku ile unapokata tiketi, na uombe kwa viwanja vyote viwili.

Tulitua asubuhi, Nairobi ikiwa tayari mchana. Usimpeleke mgeni popote siku hiyo, mwache apumzike.

Kurudi ni karibu saa 14, kwa sababu pepo za juu zinazovuma kutoka magharibi huisukuma ndege. Na unaposoma tiketi, kumbuka saa zilizoandikwa ni za kila mji. Kwenda huonekana kama saa 7 tu, nawe ongeza 8; au huonekana kama saa 8, nawe ongeza 7, wakati Marekani wamesogeza saa zao mbele, kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba. Mweleze mzazi hesabu hiyo kabla hajapanda, apangie dawa zake vizuri.