Canada Life Centre ya Winnipeg: ukumbi mdogo, hesabu ndefu

Ndani ya ukumbi wa Canada Life Centre, katikati ya mji wa Winnipeg, kuna sanamu ya shaba ya mzee aliyeketi kitini. Mwili wake wote umefifia ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea, lakini ncha ya kiatu chake kimoja inang'aa kama sarafu iliyotoka kiwandani leo. Mzee huyo ni Timothy Eaton, mwenye maduka, na kiatu chake kinang'aa kwa sababu watu wa mji huu wamekisugua vizazi kwa vizazi wakitafuta bahati. Sanamu hiyo ilitolewa na wafanyakazi wa duka lake mwaka 1919. Duka lenyewe, jengo kubwa la matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1905 kwenye barabara ya Portage, lilifungwa mwaka 1999 kampuni ilipofilisika, kisha likabomolewa, na mahali pake pakainuka ukumbi huu uliofungua milango Novemba 2004. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa na kukulia hapa, hapiti penye sanamu hiyo bila kugusa kiatu. Tulipoingia pamoja mara ya kwanza alinishika mkono, akauweka juu ya ile ncha ya shaba, akaniambia kwamba mambo mengine mgeni hafundishwi kwa maneno.

Tangu nihamie Winnipeg nimeingia humo mara nyingi, kutazama mpira wa magongo wa barafuni. Nimeona nitoe tathmini ya pande mbili: huduma anayoipata mwenye tiketi, na huduma anayoipata mlipa kodi ambaye huenda hajawahi kukanyaga mlangoni. Tathmini nyingi za kumbi za namna hii huishia kwenye viti na vyakula, ilhali kumbi hizi hujengwa kwa fedha za watu wote, kidogo au nyingi, na wote wana haki ya kuuliza wamepata nini.

Nianze na mwenye tiketi. Ukumbi una viti 15,000 na ushei wakati wa mechi za magongo, idadi ndogo kwa kipimo cha NHL, ligi kuu ya mchezo huu Kanada na Marekani, na udogo huo ndio sifa yake kubwa. Ukikaa safu za juu kabisa bado unasikia vyuma vya viatu vikiichana barafu mchezaji anapofunga breki, na kile kisahani cheusi cha mpira kinapogonga ubao wa pembeni, mlio wake unakufikia kama karata iliyopigwa mezani kwa nguvu. Wimbo wa taifa wa Kanada unapoimbwa, watazamaji wote hupaza sauti kwa pamoja wanapofika kwenye maneno "True North", ambayo pia ndiyo jina la kampuni inayomiliki timu ya hapa, Winnipeg Jets, na ukumbi, na sauti hiyo hurudi kutoka darini ikakupitia kifuani. Msimu wa mtoano ukifika, kila mtu huvaa nyeupe, desturi iliyoanza mwaka 1987, na ukiwa juu unaona umati wote umekuwa rangi moja na barafu iliyo chini yao.

Kufika ni rahisi. Ukumbi umeunganishwa na majengo ya jirani kwa njia za juu zilizofunikwa kwa vioo, nayo si anasa katika mji ambao Januari unaweza kukuta baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Chakula ni kile kile cha kumbi zote za bara hili; nawashauri wenye watoto wale nyumbani kabla ya kutoka. Kuhusu tiketi, natoa tahadhari moja iliyotokana na kosa langu mwenyewe: mwaka wa kwanza nilinunua kwa wakala wa mtandaoni anayeuza tena tiketi za watu wengine, na ada zake zilijitokeza kwenye ukurasa wa mwisho tu, nikiwa nimeshaingiza namba za kadi. Tangu siku hiyo nanunua moja kwa moja kwenye dirisha la ukumbi au mtandao wake, na sijapata shida.

Sasa niingie kwenye jambo linalonigusa zaidi.

Msomaji aliyelelewa katika mapenzi ya Simba au Yanga huenda akashindwa kuelewa timu inavyoweza kuhama mji. Klabu zile zina wanachama, zina Msimbazi na Jangwani, na hakuna mtu anayeweza kuzifungasha na kuzipeleka Lubumbashi kwa sababu huko ameahidiwa uwanja mpya. Katika NHL timu ni mali ya aliyeinunua, na ligi ikimridhia, anaihamisha. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Nafasi kwa sasa ni 32 tu, na mji usio na timu hauwezi kuipata kwa kucheza vizuri, bali kwa kuinunua au kumshawishi mwenye nayo. Uhaba huo wa makusudi ndio unaompa mmiliki nguvu anapokaa meza moja na baraza la jiji: haimlazimu kutamka tishio lolote, maana kila mjumbe anajua kuna mji mwingine unaosubiri.

Winnipeg iliujua uchungu huo mwaka 1996. Timu yake ya Jets, iliyoanzishwa mwaka 1972 katika ligi nyingine na kuingia NHL mwaka 1979, ilikuwa ikicheza katika ukumbi wa zamani wa mwaka 1955, ule uliokuwa na picha kubwa mno ya Malkia Elizabeth ikining'inia mwisho wake. Mishahara ya wachezaji ililipwa kwa dola za Marekani na mapato yakaingia kwa dola za Kanada zilizokuwa zimeshuka thamani, ukumbi haukuwa na vyumba vya kifahari vya kukodisha kwa makampuni, na kila mpango wa kujenga mpya ulikwama. Mwaka 1995 maelfu ya watu walikusanyika kwenye viwanja vya The Forks kuchangia fedha, na watoto wakaleta vibubu vyao vya akiba. Hazikutosha. Tarehe 28 Aprili 1996 Jets walitolewa na Detroit kwa mabao 4 kwa 1, na timu ikahamia Phoenix, katika jangwa la Arizona. Jirani yangu alikuwepo siku ile. Anasimulia kwamba mchezo ulipokwisha watu hawakuondoka. Walibaki vitini wakiitazama barafu kama watu waliomaliza kuzika lakini hawajui waanzie wapi kurudi nyumbani.

Ndiyo maana ninaliheshimu wazo lililozaa ukumbi huu. Mwaka 2004 Winnipeg haikuwa na timu ya NHL wala ahadi ya kuipata. Mark Chipman na wenzake wa True North walijenga kwa ajili ya Manitoba Moose, timu ya daraja la chini, na kwa ajili ya matamasha, tena kwa kipimo ambacho mji ungeweza kukibeba. Gharama ilikuwa takriban dola milioni 133.5 za Kanada, na ngazi tatu za serikali, yaani taifa, mkoa na jiji, zilichangia takriban milioni 40.5. Sehemu kubwa ilitoka kwa wenye ukumbi. Wapo waliosema viti havitatosha kamwe kwa ligi kuu, na wapo waliolililia jengo la Eaton, ambalo kwa haki lilikuwa sehemu ya kumbukumbu ya mji. Matofali mekundu ya ukuta wa nje yamewekwa kwa heshima yake, na mimi naona yamefanya kazi nusu: yanakumbusha, lakini hayarudishi.

Kisha, tarehe 31 Mei 2011, ikatangazwa kwamba Atlanta Thrashers, timu ya NHL, wanahamia Winnipeg, ambako walikuja kuitwa Jets. Bei iliyoripotiwa ilikuwa dola milioni 170 za Marekani, na kati ya hizo milioni 60 zilikwenda kwa ligi kama ada ya kuhama. Tiketi za msimu 13,000 zilichukuliwa zote, na fungu lililobaki kwa umma liliisha kwa dakika 17. Jirani yangu ni mmoja wa waliopata. Hata hivyo anapoisimulia siku hiyo hupunguza sauti, kwa sababu anajua kule Atlanta kulikuwa na mtu kama yeye aliyekuwa akitazama barafu, na mji ule ulikuwa umekwisha kunyang'anywa timu nyingine, Flames, iliyohamia Calgary mwaka 1980. Namheshimu kwa hilo. Furaha ya mji mmoja katika biashara hii hutolewa kwenye mfuko wa mji mwingine, na si haki kuusifu ukumbi huu bila kulisema.

Ili kupima walipa kodi wa Winnipeg walipata nini, inafaa kutazama walichopata wengine. Jets wa zamani walipofika Arizona walibadilishwa jina wakawa Coyotes, wakaanza kucheza katika ukumbi wa mpira wa kikapu ambao baadhi ya viti vyake havikuweza kuona goli moja. Mji mdogo wa Glendale, pembeni ya Phoenix, ukawajengea ukumbi mpya uliofunguliwa Desemba 2003 kwa gharama ya takriban dola milioni 220, sehemu kubwa zikiwa fedha za mji. Mwaka 2009 timu ikaingia mahakama ya mufilisi, ligi ikaichukua, na Glendale, kwa hofu ya kubaki na jumba tupu, ikalipa dola milioni 25 kwa msimu, misimu miwili mfululizo, ili timu isiondoke. Mwaka 2022 iliondoka hata hivyo, ikaenda kucheza katika ukumbi wa chuo kikuu wenye viti takriban 5,000. Mei 2023 wapiga kura wa Tempe, mji mwingine wa pembeni ya Phoenix, wakakataa mpango wa ukumbi mwingine, na Aprili 2024 timu ikauzwa kwenda Salt Lake City, Utah, ambako baraza la jiji lilikubali kupandisha kodi ya mauzo kwa nusu asilimia ili kukarabati ukumbi na mtaa unaouzunguka, mradi wa hadi dola milioni 900.

Kuna na Quebec. Mji huo uliipoteza timu yake ya NHL, Nordiques, mwaka 1995, na kwa matumaini ya kupata nyingine, jiji na mkoa walijenga ukumbi wa viti zaidi ya 18,000 kwa takriban dola milioni 370 za Kanada. Ulifunguliwa Septemba 2015. Remparts, timu ya vijana, wanacheza humo, na matamasha yanafanyika, lakini timu ya NHL haijafika hadi leo. Nikiwaweka Glendale na Quebec upande mmoja wa mizani na Winnipeg upande wa pili, sioni shaka kwamba hapa walipa kodi walitendewa kwa adabu zaidi, kwa kuwa mchango wao ulikuwa na mwisho na mwenye ukumbi ndiye aliyebeba hatari.

Lakini hesabu haikuishia kwenye zile milioni 40.5, na hapa ndipo ninapopunguza alama. Jiji hutoza kodi ya burudani ya asilimia 10 kwenye tiketi za kumbi kubwa, na kodi hiyo hurejeshwa kwa kampuni yenye timu. Mkoa nao umeruhusu sehemu ya mapato ya kituo cha kamari kilicho katika jengo la jirani iingie kwenye mfuko huo huo. Watetezi wa mpango huu husema bila NHL kodi hiyo isingekusanywa kabisa, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Hoja hiyo ina uzito, ila haimalizi swali, kwa sababu mtu asiyetumia fedha ukumbini angezitumia mahali pengine mjini, na pale zingetozwa kodi isiyorejeshwa. Mteja akitazama neno "kodi" kwenye tiketi yake anaamini ametengeneza barabara au maktaba, kumbe amelipa mishahara ya wachezaji. Hilo linanikera, nami nalisema kama mtu anayeipenda timu hii.

Halafu ile hofu ya zamani haijafa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilijulikana kwamba tiketi za msimu zimeshuka kutoka 13,000 hadi chini ya 9,500, na Chipman akasema hadharani kwamba kwa kiwango hicho mambo hayawezi kuendelea kwa muda mrefu. Aliyoyasema yalikuwa kweli ya biashara, wala sidhani alikusudia kutishia. Ila nilimwona jirani yangu asubuhi ile akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, akarudia mahali pale pale muda mrefu baada ya kioo kuwa safi. Mwaka uliofuata timu iliongoza ligi nzima kwa pointi, na tarehe 4 Mei 2025 ikaitoa St. Louis katika mchezo wa saba, baada ya kusawazisha zikiwa zimesalia sekunde chache mno na kushinda katika muda wa pili wa nyongeza. Usiku ule alinipigia simu, na kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno la maana.

Kwa anayetaka kwenda: anzia kwa Moose. Wanacheza ukumbi ule ule, kwenye barafu ile ile, tiketi zao ni nafuu kuliko za Jets, na familia ya watu watano inaweza kukaa pamoja karibu na ubao. Watoto wangu waliujua mchezo huu pale, si kwa Jets. Ukiingia, tafuta sanamu kwanza, kabla umati haujajaa.

Kwa mwenye tiketi natoa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa mlipa kodi natoa tatu, na nitaongeza ya nne siku tiketi itakapochapishwa mstari mmoja unaoeleza ile asilimia 10 inakwenda kwa nani.