Viazi vitamu vya Krismasi: vya nazi au vya kuoka?

Nyumba nyingi hapa Mbeya pilau na kuku havikosi siku ya Krismasi. Viazi vitamu vya viungo vinakaa vizuri pembeni, ila uamue mapema utavipika vipi.

Vya nazi vinataka viazi vyeupe, vile vya unga. Chemsha vipande kwenye tui jepesi lenye iliki, kijiti cha mdalasini na chumvi kidogo. Vikikaribia kuiva, mimina tui zito, punguza moto, koroga taratibu. Likichemka kwa fujo, tui hukatika. Ukinunua nazi pale sokoni Mwanjelwa, itikise usikie maji; iliyo kimya iache. Na baridi yetu hii! Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo wageni wakichelewa, rojo huanza kufanya utando mweupe.

Vya kuoka navipenda zaidi. Chukua viazi lishe, vya rangi ya chungwa, kata unene wa kidole, paka mafuta, tangawizi, binzari nyembamba na pilipili manga. Oveni nyuzi 200, kama dakika 35, geuza mara moja. Usivibananishe, maana mvuke utavilainisha na ukoko hautapatikana. Huna oveni? Sufuria nzito, mkaa chini kidogo, mwingi juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki.

Kwenye sahani yenye pilau la mafuta, ukavu wa vya kuoka unafaa kabisa. Vya nazi ningevipika asubuhi, viliwe na chai ya maziwa.