Kunywa chai Guangzhou: vya kula ndani ya dakika tatu na vya kusubiri ishirini

Kwa Wakantoni, wenyeji wa Guangzhou kusini mwa China, kama ilivyo kwetu, "kunywa chai" maana yake ni kula asubuhi. Ukialikwa chai Guangzhou usitegemee kikombe na andazi. Meza itajaa vikapu vya mwanzi vinavyofuka mvuke, sahani za mikunjo ya mchele, bakuli za uji, na birika litakaloongezwa maji ya moto mpaka wewe mwenyewe uchoke. Wengi wanaofuata mzigo kule hukaa mitaa ya Xiaobei, hula wali na kuku wa kukaanga, kisha hurudi Kariakoo wakisema chakula cha wenyeji hakina ladha. Sikubaliani nao, ingawa najua wanachokisema. Chakula hiki hakitegemei pilipili wala bizari. Kinategemea joto, ulaini na namna kinavyojibu kwenye meno, na vitu hivyo havikai. Kikipoa, kinachobaki ni unga na chumvi kidogo. Ndiyo maana maoni yangu nayapanga kwa dakika, si kwa bei.

Tuanze na meza. Migahawa ya chai hufunguliwa mapema na wateja wa kwanza ni wazee wenye magazeti. Siku za kazi fika kabla ya saa mbili asubuhi. Jumamosi na Jumapili utachukua namba na kungoja. Ukikaa tu utaulizwa chai gani, na kila kichwa mezani kinalipia chai hata kama hakinywi, kwa hiyo ukiiona kwenye hesabu usianze kugombana. Mimi huchagua pu'er, ambayo wao huiita bolei: nyeusi, nzito, inakata mafuta. Ikiwa harufu yake ya udongo inakushinda, omba iliyochanganywa na maua ya krisanthemo, inaitwa gukbou. Sukari na maziwa havipo, usiviulizie.

Maji ya kwanza ya birika hayanywewi. Yanasuuzia vikombe, bakuli na vijiti, kisha yanamwagwa kwenye bakuli kubwa lililoletwa kwa kazi hiyo. (Bakuli hilo si supu. Wageni wameshalinywa, na wataendelea kulinywa.) Birika likikauka, sogeza kifuniko chake kikae upande, mhudumu ataelewa bila kuitwa. Mtu akikumiminia, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yao.

Karatasi ya kuagizia huwa na vitu vilivyogawanywa kwa daraja za bei: 小点 ni ndogo, 中点 ya kati, 大点 kubwa, 特点 maalumu. Kosa linaloharibu chai nyingi ni kuweka alama kumi kwa mpigo. Jikoni havitoki kwa zamu ya kukufaa wewe. Vinakuja vyote ndani ya robo saa, na sita kati yake vitakufa mezani. Watu wawili waagize vitu vitatu, wamalize, kisha warudie.

Kwa asiyekula kitimoto, tahadhari ije kabla ya kijiti cha kwanza. Siumai, vile vifuko vya unga vya rangi ya manjano vilivyo wazi juu, ni nyama ya nguruwe na kamba. Hagau, vifuko vya mvuke vilivyofungwa juu kwa mikunjo, watu hudhani ni kamba tupu, lakini mara nyingi ndani kuna vipande vya mafuta ya nguruwe vya kuleta unyevu, na ganda lenyewe hukandwa kwa mafuta hayohayo. Keki ya figili ina soseji. Uji huchemshwa kwa mifupa. Kusema "sili nguruwe" hakutoshi kwa sababu wengi hawahesabu mafuta kuwa nyama, kwa hiyo onyesha kwenye simu maneno 猪油, mafuta ya nguruwe, uulize kama yamo. Anayetaka halali atafute alama ya 清真 mlangoni. Migahawa mingi yenye alama hiyo ni ya Waislamu wa kaskazini-magharibi ya China, hupika tambi za kuvuta na nyama ya kondoo: chakula kizuri, lakini si Kikantoni. Kwa asiyekula nguruwe mlango mwepesi wa kuingilia ni vitamu vya maziwa, nitavifikia mwishoni.

Sasa dakika.

Hagau ina dakika tano. Ganda lake si unga wa kawaida: ni wanga wa ngano uliochanganywa na wanga wa muhogo au viazi, ukakandwa kwa maji yanayochemka. Likiwa la moto linang'aa hadi uone wekundu wa kamba ndani, na linanyumbuka. Likipoa linakuwa gumu, linaganda kwenye karatasi ya chini na kuchanika ukilinyanyua, mchuzi wote unabaki kikapuni. Ikichanika wakati bado inafuka, hapo kosa ni la mpishi: ameiacha kwenye mvuke kupita kiasi, au ganda amelifanya jembamba kuliko lilivyoweza kubeba. Hesabu mikunjo ya juu. Chini ya saba ujue mkono ni wa kujifunza au ni mashine. Kamba lazima apasuke kidogo chini ya jino. Akiwa laini kama samaki wa kopo, alikaa sana kwenye friza. Usiichovye kwenye sosi ya pilipili. Ishike kwa vijiti kutoka ubavuni, si juu kwenye mikunjo, uile kwa mara mbili.

Mkunjo wa mchele, changifeni, ndio namba moja kwangu na ndio wenye subira ndogo kuliko vyote: dakika tatu. Mchele husagwa na maji, ukamwagwa utandu mwembamba, ukapikwa kwa mvuke dakika moja na kitu, kisha ukakunjwa. Kuna njia mbili. Ya droo la chuma ni ya haraka, utaiona kwenye vibanda vya mtaani. Ya kitambaa hutoa utandu mwembamba na mlaini zaidi. Mtaani agiza wa nyama ya ng'ombe na yai; mgahawani agiza wa kamba. Sosi ni soya iliyopunguzwa makali kwa maji na sukari, na humwagwa mwisho kabisa. Ukichukua wa kubeba, waambie sosi iwe pembeni. Ikifungiwa pamoja, tabaka zinashikana zote, na ukifika hotelini unakata bonge. Mkunjo mbaya unajulikana kwa macho: mzito, mweupe kama chokaa, na ukiubonyeza haurudi. Hapo mpishi ameongeza wanga mwingi ili usichanike, au tui la mchele lilikuwa zito mno.

Miguu ya kuku ina huruma zaidi. Anayeijua ya kukaangwa barabarani Dar asidhani ni ileile. Hii hukaangwa kwanza kwenye mafuta mengi, ikatumbukizwa kwenye maji ya baridi hadi ngozi ivimbe na kukunjamana, halafu ikapikwa kwa mvuke na maharage meusi ya soya yaliyochachushwa. Ngozi inatoka kwenye mfupa kwa ulimi. Vifupa hutemwa sahanini, hakuna atakayekutazama vibaya. Dakika kumi na tano baadaye bado inalika.

Uji wa mchele ndio rafiki wa anayechelewa. Si uji wetu wa unga, wala si bokoboko. Ni punje zilizochemka saa moja na nusu au zaidi, kikombe kimoja kwa vikombe kumi hadi kumi na viwili vya maji, mpaka zimepasuka na kuyeyuka. Agiza ule wa mashua, tingzai, ulioanzia kwenye mashua za Liwan: una vipande vya samaki, ngisi, karanga, yai lililokatwa nyuzi na majani ya kitunguu. Samaki huwekwa karibu mbichi na joto la uji ndilo linalomwivisha, kwa hiyo kwanza chota kutoka chini ugeuze juu mara mbili tatu, kisha ule kuanzia ukingoni ambako umepoa. Anayeanzia katikati huunguza ulimi na siku nzima haonji kitu. Ule mkate mrefu wa kukaanga, youtiao, hautakiwi kuzama kwenye uji. Chovya ncha, uma, chovya tena.

Tambi za wontoni, yaani za supu yenye vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, zina dakika tano tu, na hapa ndipo wapiga picha wanapopoteza. Tambi ni nyembamba, za yai la bata na maji ya magadi. Zikilowa kwenye supu zinavimba na ule ukakamavu unakwisha. Mpishi anayejua huweka kijiko chini ya bakuli, wontoni juu yake, tambi juu kabisa, na supu isizifunike. Ukiletewa bakuli ambalo tambi zimezama zote na wontoni zinaelea, umeshajua jiko. Kula tambi kwanza, wontoni baadaye. Matone machache ya siki nyekundu yanaondoa ule uchungu wa magadi, lakini yadondoshee tambi zilizo kwenye kijiko, si supu. Supu nzuri inanukia samaki mkavu wa bapa na maganda ya kamba. Iliyo nyeupe na yenye ladha ya unga wa pakiti, iache bakulini.

Mchana kuna tambi pana za kukaanga na nyama ya ng'ombe, asili yake Shahe, ndani ya Guangzhou yenyewe. Kinachotafutwa ni pumzi ya karai, ile harufu ya moto mkali inayodumu dakika mbili tatu tu. Ukimaliza, tazama sahani. Dimbwi la mafuta chini linasema karai halikuwa na moto wa kutosha. Tambi zilizokatikakatika zinasema mpishi alichokora kwa mwiko badala ya kurusha.

Nyama za kuchoma, yaani bata bukini na nguruwe zinazoning'inia dirishani, zinunuliwe zinapotoka tanurini, karibu na saa tano na nusu mchana au saa kumi na moja jioni. Usizibebe kwenye boksi la plastiki lililofungwa: mvuke unalainisha ngozi, na ngozi ndiyo uliyolipia. Kuku mweupe wa kuchemsha huwatisha Waafrika wengi kwa uboho wake mwekundu mfupani. Ndivyo anavyotakiwa kwao, kwa sababu huivishwa kwenye maji yasiyotokota kisha hutoswa kwenye ya baridi. Moyo ukikataa, agiza wa sosi ya soya na usijilazimishe.

Wali wa chungu ni kinyume cha yote haya. Hapa wewe ndiye unayesubiri, dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukiletewa baada ya dakika tano, wali ulipikwa asubuhi na chungu ni pambo. Mchele mrefu uliolowekwa huchemshwa kwenye chungu kidogo, na maji yakikauka na vijitundu vikatokea juu ndipo nyama hupangwa: kuku na uyoga, ng'ombe na yai, au soseji kavu wakati wa baridi, ambao ndio msimu wake hasa. Kisha mafuta huzungushwa ukingoni na chungu hulazwa huku na huku ili moto ufike ubavuni. Kinachotafutwa ni ukoko. Ndiyo, ukoko uleule ambao kwetu watoto hugombania, kule ndio unaopima mpishi: uwe wa dhahabu, mwembamba, wa kuvunjika. Mweusi ni mchungu na hakuna sosi itakayouokoa.

Chungu kikifika, fungua, mwaga sosi kwa kuizungusha, kiasi cha vijiko viwili, funika tena dakika moja au mbili, halafu ndipo uchanganye, ila usichimbue chini. Kula wali kwanza. Chungu kinaendelea kukausha ukoko wakati unakula, na ukifika chini unabanduka wenyewe. Anayemwaga sosi yote siku zote anapata chini uji mweusi wenye chumvi.

Chai za mitishamba za mtaani, leungcha, ni chungu. Kama umeuzoea mwarobaini, hazitakushinda.

Na vitamu. Maziwa ya ngozi mbili, asili yake Daliang, wilaya ya Shunde, hutengenezwa kwa maziwa ya nyati, ute wa yai na sukari: utando wa kwanza hujitengeneza maziwa ya moto yakipoa bakulini, wa pili baada ya mvuke. Ya moto ni bora kuliko ya baridi, kwa sababu baridi huficha harufu ya maziwa. Maziwa ya tangawizi ya Shawan, huko Panyu, ndiyo ninayoyapa alama za juu, na ndiyo pekee katika orodha hii unayoweza kuyapata sawasawa nyumbani Tanga au Mombasa, kwa maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake.

Tangawizi iwe kuukuu, yenye nyuzi. Kwaruza, kamua kijiko kikubwa kimoja cha juisi kwenye bakuli, na uitumie palepale. Ikikaa, nguvu inapungua. Chemsha maziwa mililita 200 na vijiko viwili vidogo vya sukari, yaache yapoe hadi nyuzi 70 au 75. Huna kipimajoto? Yaondoe motoni yakianza kutoa mapovu madogo pembeni, kabla ya kufura, uyahamishe chombo kimoja kwenda kingine mara mbili. Koroga juisi, kwani wanga wake hutuama chini, kisha mimina maziwa yote kwa mkupuo mmoja kutoka juu kidogo. Usikoroge, usitikise, usiguse kwa dakika kumi. Kimeng'enya cha tangawizi ndicho kinachogandisha. Maziwa ya moto sana hukiua, na ya vuguvugu hayakiamshi. Yakigoma, usiyarudishe jikoni, yatakatika. Yanywe kama chai ya tangawizi. Yakishika, weka kijiko cha chai juu yake: kinatakiwa kulala bila kuzama.